Tulale Wapi?

Ujumbe wa dada yangu uliingia saa nne usiku, nikiwa maktaba na rasimu ya tasnifu isiyotaka kwisha. "Mdogo wangu, si wewe unasoma historia ya Marekani? Basi leo ikufae. Tunawapeleka watoto Orlando mwezi wa saba. Mambo ya tiketi nimeshayaelewa. Kinachonishinda ni pa kulala."

Chini yake aliambatanisha jedwali. Dada ni nesi, na safari huipanga kama anavyopanga zamu za wodini. Watu ni sita: yeye, shemeji, watoto watatu, na Mama, aliyekuja kutoka Morogoro kuwaona wajukuu. Wangeendesha gari kutoka Houston, karibu maili 1,000, na kulala njiani usiku mmoja. Huko Orlando aliona njia tatu. Ya kwanza, hoteli iliyo ndani ya eneo la Disney lenyewe. Ya pili, moteli kwenye barabara namba 192, Kissimmee. Ya tatu, nyumba nzima ya kukodi, yenye jiko ambamo Mama angeweza kusonga ugali. Kila njia ilikuwa na bei yake, umbali hadi getini, na idadi ya vitanda. Kwenye safu ya tatu, mwisho kabisa, aliandika: "Tukiomba hii, tuweke jina la nani?"

Nilijua swali hilo limetoka wapi. Mwaka juzi alitaka kukodi nyumba ya wikendi kwa mtu mmoja aliyeitangaza. Aliandika kwa jina lake kamili, jina ambalo halifichi lilikotoka, akajibiwa kwamba nyumba imeshachukuliwa. Kesho yake shemeji aliandika kwa jina lake la ubatizo, na jina la ukoo akalikata likabaki herufi moja. Nyumba ikawa wazi, tarehe zilezile. "Hakuna aliyetutukana," dada aliniambia siku ile. "Labda kuna mtu aliahirisha. Kinachoniuma ni kwamba sitajua."

Niliifungua tasnifu tena, lakini sikuandika kitu. Nilikuwa nafikiria barua moja ambayo kila anayesoma historia ya nchi hii hukutana nayo mapema.

Aprili 1963, Martin Luther King alikuwa mahabusu katika mji wa Birmingham, Alabama. Wachungaji weupe walikuwa wamemshauri awe na subira, naye akawajibu kwa barua ndefu. Ndani yake kuna sentensi moja ambayo ukiisoma kwa sauti utaishiwa pumzi, kwa sababu inaorodhesha kila kitu kinachomfanya mtu mweusi ashindwe kuendelea kusubiri. Katika orodha hiyo yumo binti yake mdogo, aliyeona kwenye televisheni tangazo la bustani ya burudani, na baba yake akashindwa kumweleza kwa nini hawezi kumpeleka. Maneno machache mbele, katika sentensi hiyohiyo, yupo msafiri anayelala usiku baada ya usiku kwenye gari lake, amejikunja, kwa kuwa hakuna moteli itakayompokea.

Bembea na kitanda viko kwenye sentensi moja. Zamani nilidhani vimekutana pale kwa bahati tu. Sasa naona kwamba King, aliyekuwa baba wa watoto wanne na msafiri wa kila wiki, alikuwa anasema jambo ambalo kila mzazi anayepanga likizo analijua: mtoto anaiona bustani, mzazi anaona usiku.

*

Likizo ya familia ya Kimarekani, ile ya kupakia watoto kwenye gari na kwenda mbali, ilikua haraka baada ya Vita Kuu ya Pili. Magari yaliongezeka, wafanyakazi wengi wakawa na likizo yenye malipo, na mwaka 1956 serikali ilipitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu nchi nzima. Lakini barabara ndefu huleta usiku, na usiku huleta swali la dada yangu.

Mwaka 1951, mjenzi wa nyumba kutoka Memphis aitwaye Kemmons Wilson aliendesha gari hadi Washington akiwa na mkewe na watoto watano. Moteli alizozikuta njiani zilimkera. Nyingine zilikuwa chafu, nyingine finyu, na kilichomuudhi kuliko vyote ni kutozwa dola 2 za ziada kwa kila mtoto, hata kama watoto wenyewe walilala chumba kimoja na wazazi. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaamua. Agosti 1952 alifungua moteli yake ya kwanza Memphis na kuiita Holiday Inn, jina ambalo mchoraji wake wa ramani alilichukua kwa utani kutoka kwenye filamu. Vyumba vilikuwa vya kipimo kimoja, palikuwa na bwawa la kuogelea, na watoto walilala bure. Ndani ya miaka ishirini jina hilo lilikuwa limeenea dunia nzima.

Hadithi ya Wilson husimuliwa sana katika vitabu vya biashara, na mimi pia naipenda. Baba amekerwa, baba ametengeneza suluhisho. Ila ndani yake kuna jambo lisilosemwa. Wilson angeweza kusimama kwenye moteli yoyote kati ya Memphis na Washington akakerwa na bei. Familia nyeusi iliyopita njia ileile mwaka uleule isingefika hata kwenye bei.

Familia hiyo ingekuwa na kitabu. Victor Hugo Green, mpeleka barua wa posta aliyeishi Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha mwongozo wa wasafiri weusi uliokuja kujulikana kama Green Book. Uliorodhesha, mji kwa mji, mahali ambapo Mmarekani mweusi angeweza kulala, kula, kunyolewa na kujaza mafuta bila kufukuzwa. Vituo vya mafuta vya Esso vilisaidia kuusambaza. Green alifariki mwaka 1960, mkewe Alma akauendeleza, na toleo la mwisho lilikuwa la 1966 na 1967. Ukiyafungua matoleo yake leo, maktaba ya umma ya New York imeyaweka mtandaoni, utaona miji mingi haikuwa na hoteli hata moja ya kumpokea msafiri mweusi. Badala yake kuna majina ya watu, mara nyingi wanawake, na anwani za nyumba zao. Mtu alikuwa na chumba cha ziada, akakitandika, akatuma jina lake liingie kitabuni.

Nilimsimulia Mama haya kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wanalala kwa watu, kama sisi." Katika ujana wake, kusafiri kutoka Morogoro kwenda Mwanza kulimaanisha kujua nani yuko Dodoma, nani yuko Tabora, na kubeba kuku au mchele wa kumpelekea. Nilimwambia tofauti ni kwamba yeye alilala kwa ndugu kwa sababu ndiyo desturi, na pia kwa sababu gesti ilikuwa ghali. Wale walilala kwa watu kwa sababu hoteli yenye vyumba vitupu ilikuwa imewafungia mlango. "Lakini aliyewafungulia alikuwa mtu," alisema Mama. Sikuwa na la kuongeza.

Orlando nao ulikuwamo katika mwongozo huo. Katika mtaa wa Parramore, daktari mweusi aitwaye William Monroe Wells alijenga mwaka 1926 hoteli iliyokuja kuitwa Wells'Built, ya matofali, na pembeni yake ukumbi wa muziki. Wanamuziki weusi waliokuja kuwatumbuiza watu wa Florida, akiwemo Ella Fitzgerald, hawakuruhusiwa kulala kwenye hoteli za katikati ya mji. Walilala kwa daktari Wells. Hapakuwa na Disney wakati huo, wala bustani yoyote ya kumleta mtoto kutoka Houston. Palikuwa na michungwa, maziwa, na jengo moja la ghorofa mbili ambamo mgeni mweusi alipewa ufunguo.

*

Bustani yenyewe, kwa maana tuliyoizoea, ilianza upande wa pili wa nchi. Tarehe 17 Julai 1955 Walt Disney alifungua Disneyland katika mji wa Anaheim, California, kwenye ekari 160 zilizokuwa mashamba ya michungwa. Fedha zote alizokuwa nazo, na nyingi za kukopa, zilikuwa zimeishia ndani ya uzio. Za kujenga hoteli hazikubaki. Akamwomba Jack Wrather, tajiri wa mafuta na mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, aijenge yeye. Wrather alikubali, akapata haki ya kutumia jina la Disney kwa hoteli, na Disneyland Hotel ikafunguliwa Oktoba mwaka huohuo.

Walioelewa zaidi walikuwa majirani. Kuzunguka Disneyland ziliota moteli zenye mabango ya taa za rangi, nyingine zikiwa na umbo la kibanda cha anga za juu, nyingine la kasri, zote zikivuta familia zilizotoka bustanini na miguu inayouma. Disney aliwaleta wateja, wao wakawalaza. Jambo hilo lilimuudhi kwa sababu mbili. Moteli zile zilimharibia mandhari, na sehemu kubwa ya fedha za likizo haikupita mikononi mwake. Hata hoteli yenye jina lake haikuwa yake. Kampuni yake iliipata mwaka 1988 tu, baada ya Wrather kufariki, kwa kuinunua kampuni nzima ya Wrather.

Anaheim nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1924 wanachama wa Ku Klux Klan walishinda viti vinne kati ya vitano vya baraza la mji, kabla ya wananchi kuwaondoa kwa kura mwaka uliofuata. Hiyo ni miaka thelathini tu kabla ya bustani kufunguliwa. Disneyland yenyewe iliuza tiketi kwa weusi na weupe. Lakini tiketi ni ya mchana, na familia nyeusi iliyotoka mbali bado ilihitaji kujua italala wapi ikishatoka getini.

Sehemu nyingine, hata tiketi ya mchana haikupatikana. Bustani aliyoiona binti wa King kwenye televisheni ilikuwa Funtown, Atlanta, mji wao wenyewe. Karibu na Baltimore, bustani ya Gwynn Oak ilikuwa ikiwakataa weusi kwa miaka mingi. Tarehe 4 Julai 1963, sikukuu ya uhuru wa Marekani, waandamanaji zaidi ya 280 walikamatwa pale, wakiwemo watu wa dini. Wenye bustani walikubali hatimaye, na tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile ambayo King alihutubia maelfu Washington, mtoto wa miezi 11 aitwaye Sharon Langley alipandishwa kwenye bembea la farasi wa mbao, wa kwanza mweusi kulipanda. Bembea hilo lilihamishiwa baadaye Washington, kwenye uwanja ambao King alisimama mbele yake siku hiyo. Funtown nayo ilifungua milango bila kelele, na King akampeleka binti yake.

Kitanda kilichukua muda zaidi. Juni 1964, katika mji wa St. Augustine, Florida, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Orlando, King alikamatwa mlangoni mwa moteli moja kwa kutaka kula chakula cha mchana. Wiki moja baadaye, tarehe 18 Juni, vijana weusi na weupe waliruka pamoja kwenye bwawa la kuogelea la moteli hiyo, bwawa la weupe tu. Meneja alichukua asidi ya kusafishia bwawa akaimimina majini wakiwa bado wanaogelea. Wapiga picha walikuwapo, na picha hiyo ilizunguka dunia. Mtu anamwaga asidi kwenye maji yake mwenyewe ili wengine wasiogelee. Siku iliyofuata Seneti ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, na tarehe 2 Julai Rais Lyndon Johnson akaitia saini.

*

Sheria ile ilitaja hoteli, moteli na kumbi za starehe kwa majina. Wino wa saini ulikuwa haujakauka vizuri wakati mwanasheria wa Atlanta, Moreton Rolleston, alipokwenda mahakamani kuipinga. Alikuwa na moteli yake, Heart of Atlanta, yenye vyumba 216, na kesi alijitetea mwenyewe. Moja ya hoja zake bado hunishangaza kila ninapoisoma. Alisema kumlazimisha akodishe vyumba kwa weusi ni kumtumikisha bila hiari, kinyume na marekebisho ya 13 ya Katiba, yale yaliyofuta utumwa.

Mahakama ya Juu ilimkatalia tarehe 14 Desemba 1964, majaji wote tisa kwa kauli moja. Namna walivyofikia uamuzi ndiyo ninayotaka dada aielewe. Hawakujikita kwenye utu wa msafiri mweusi. Walijikita kwenye barabara. Katiba inaipa serikali kuu mamlaka juu ya biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Heart of Atlanta ilikuwa karibu na barabara kuu mbili, ilijitangaza katika magazeti ya nchi nzima, ilikuwa na mabango zaidi ya 50 barabarani, na robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya jimbo la Georgia. Rolleston alikuwa ameyafanya yote haya ili familia zinazosafiri zimwone. Kumbe kwa kufanya hivyo alikuwa amejiingiza kwenye mkono wa sheria. Barabara iliyomletea wateja ndiyo iliyomletea serikali.

Sheria iliacha tundu, lakini. Mwenye nyumba anayeishi humohumo na kukodisha vyumba visivyozidi vitano hakuguswa. Wanasiasa walimtungia jina, wakimwita Bi Murphy, mjane wa kubuni anayepangisha vyumba vya juu ili apate hela ya kula. Walisema Bi Murphy ana haki ya kuchagua nani alale chini ya paa lake. Tutarudi kwake.

Wakati majaji wakiisoma kesi ya Rolleston, mtu mwingine alikuwa akizitazama barabara kuu kwa jicho lake. Novemba 1963 Walt Disney alikuwa ameruka kwa ndege juu ya Florida ya kati, akaona mahali ambapo barabara kuu zinakutana karibu na Orlando. Kuanzia 1964 kampuni yake ilianza kununua ardhi kimyakimya, kwa kutumia kampuni za bandia ili wauzaji wasipandishe bei. Habari zilipovuja mwaka 1965 ilikuwa imeshajipatia zaidi ya ekari 27,000, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa ekari. Eneo hilo ni kama mara mbili ya kisiwa cha Manhattan. Bustani haikuhitaji hata sehemu ndogo yake. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa jibu kwa moteli za Anaheim: safari hii, mwenye kuwaleta wageni ndiye angewalaza.

Disney alifariki Desemba 1966, kabla jengo lolote halijasimama. Oktoba 1971 Walt Disney World ilipofunguliwa, hoteli mbili zilifunguliwa nayo. Moja, Contemporary, ilijengwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Vyumba vyake vilitengenezwa mahali pengine vikiwa kamili, vikapandishwa kwa kreni na kuwekwa kwenye fremu ya chuma, na treni ya reli moja ikapita katikati ya ukumbi wake. Mgeni angeweza kushuka kwenye gari lake Jumatatu na asiguse tena usukani hadi Jumamosi. Hoteli ziliongezeka kwa madaraja: ya gharama ya kati mwaka 1988, kisha ya bei nafuu mwaka 1994. Jedwali la dada, lenye madaraja yake ya bei, lilianza kuchorwa hapo.

Sheria ya 1964 iliikuta hoteli hii ikiwa mtoto wake. Haijawahi kuwa na mlango wa weupe tu. Mlango wake ni bei, nao haumuulizi mtu jina. Dada aliandika kwenye safu ya kwanza: "Nzuri sana. Hatuiwezi."

*

Safu ya pili, moteli, ina historia inayotufikia hadi kwetu. Ukiingia kwenye moteli ya Marekani leo, huenda mwenyewe ni mtu mwenye asili ya Gujarat, India. Kwa hesabu ya chama chao, wanachama wake wanamiliki takriban asilimia 60 ya hoteli zote nchini. Miongoni mwao wapo waliokuja kupitia Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa kuwapa siku 90, na baadhi ya familia ziliishia kwenye moteli za kusini mwa Marekani, zikilala chumba cha nyuma ya mapokezi na kufua mashuka zenyewe. Filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, Mississippi Masala, inahusu familia ya namna hiyo.

Watu hawa waliofukuzwa kwao walikuta ubaguzi wa aina nyingine. Kampuni za bima na mabenki ziliwakwepa, na baadhi ya washindani wao wakatundika mabango nje ya moteli kusema kwamba mwenyewe ni Mmarekani. Chama chao, AAHOA, kilizaliwa mwaka 1989 kutokana na vita hivyo. Nilimwambia dada kwamba wakilala Mississippi au Alabama, Mama amsalimie mtu wa mapokezi kwa Kiswahili, kwa kubahatisha tu.

Kuhusu barabara ya 192 yenyewe nilimwambia kitu kingine. Moteli zake zilijengwa kwa ajili ya familia zilizokosa bei ya ndani ya Disney. Miaka ilipopita na wageni wakapata chaguo zaidi, vyumba vingi vilianza kukaliwa na familia zisizokwenda popote. Ni watu wanaofanya kazi, wengine katika hizohizo hoteli na bustani, ambao hawawezi kukusanya malipo ya awali ya kupangisha nyumba, hivyo wanalipa kwa wiki. Watoto wao wanapanda basi la shule kutoka kwenye maegesho ya moteli. Sean Baker alitengeneza filamu juu yao mwaka 2017, The Florida Project. Sikumwambia dada haya ili aione moteli kuwa pabaya. Nilimwambia kwa sababu jedwali lake lilikuwa na safu ya "majirani", na kwenye moteli alikuwa ameweka alama ya kuuliza.

*

Ikabaki nyumba, na swali la jina.

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Harvard waliwaandikia wenye nyumba wapatao 6,400 kwenye mtandao wa Airbnb, katika miji mitano ya Marekani. Barua zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa jina tu: mengine yalikuwa majina ambayo Wamarekani huyahusisha na weupe, mengine na weusi. Wenye majina ya weupe walikubaliwa karibu mara 50 katika kila 100. Wenye majina ya weusi, mara 42. Airbnb ilibadilisha taratibu zake baada ya hapo. Tangu mwisho wa 2018 mwenye nyumba haoni picha ya mgeni mpaka awe ameshamkubali. Jina bado analiona.

Hapa ndipo Bi Murphy anaporudi. Wanasheria wanabishana hadi leo ni wapi tundu la vyumba vitano linaishia katika dunia ambayo kila mtu mwenye simu anaweza kuwa na gesti. Lakini ugumu mkubwa ni ule alioutaja dada. Meneja wa St. Augustine alipigwa picha akiwa na chupa ya asidi mkononi. Mwenye nyumba wa leo anabonyeza tu kitufe akiwa sebuleni kwake, na anayekataliwa haoni chochote. Anabaki akihesabu uwezekano, kama dada, usiku mzima.

Nilimwandikia yote haya kwa kirefu, sauti kumi na moja za WhatsApp. Kisha nikampa ushauri mdogo kuliko historia yote hiyo: zipo nyumba ambazo zinajihifadhi papo hapo, mgeni analipa na tarehe inakuwa yake, hakuna anayeketi kumchagua. Atafute hizo peke yake. Kuhusu jina, nilimwambia ni juu yake. Shemeji akitumia herufi moja ya ukoo na watoto wakalala salama, hakuna mwanahistoria wa kumlaumu. Wasafiri wa Green Book pia walipita njia za mzunguko ili wafike.

Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu alituma jedwali jipya. Safu mbili za kwanza alikuwa amezifuta. Ilibaki nyumba moja ya Kissimmee, vyumba vinne, imelipiwa. Asubuhi ya siku ya tatu ya safari alikuwa ameongeza mstari: "Parramore, Wells'Built. Siku hizi ni makumbusho. Saa moja, halafu mabembea." Na mahali pa jina alikuwa ameandika majina yake yote matatu, la babu likiwemo, lile ambalo hata walimu wetu wa shule ya msingi walikuwa wakilikosea.

Chini yake palikuwa na swali kutoka kwa Mama, kama jiko la hiyo nyumba lina sufuria kubwa, au abebe ya kwake.